Sura ya Tatu: Orodha Iliyokuja na Gari

Mwaka 1979 mifugo ilitoka katika milima ya Irangi, wilayani Kondoa. Haikumalizwa na sotoka wala ukame; ilitoka kwa amri. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao Kondoa nzima inaujua kwa jina la HADO, ulikuwa umeanzishwa na serikali mwaka 1973 kwa msaada wa fedha za Sweden, na kazi yake ilikuwa kuzuia ardhi isizidi kuchukuliwa na maji. Makorongo yalikuwa yamekula mashamba. Mchanga ulioteremka kutoka vilimani ulikuwa umefunika mabonde. Matuta yalichimbwa na miche ikapandwa, lakini palipo na mbuzi mche hauna maisha marefu. Mwishowe ikaamuliwa kwamba ng'ombe, mbuzi na kondoo wote, karibu 90,000, waondoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika zaidi.

Ardhi ikapona. Nyasi zilirudi, miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki vilivyodhaniwa vimekufa, na vijito vikaacha kuteremsha mchanga kwa kasi ile ya zamani. Wageni walikuja kutoka mbali kuona mlima uliokuwa mweupe ukigeuka kijani. Kwa kipimo cha udongo, HADO ilipata alama za juu.

Sasa ingia ndani ya nyumba. Kwa Mrangi wa wakati ule ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, mahari ya kijana na akiba inayotembea, ile inayouzwa siku mgonjwa anapopelekwa hospitali. Zipo familia zilizogawanyika: baadhi wakafuata mifugo nje ya mpaka wa mradi, wengine wakabaki na mashamba yasiyo na samadi. Ufugaji wa ndani, ambapo ng'ombe wachache wa maziwa hufungwa bandani na kuletewa majani, ulikuja kuingizwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Yaani jibu la swali la maziwa na samadi lilichelewa karibu miaka 10 baada ya ng'ombe kuondoka.

HADO haikuwa kampuni, na kitabu hiki kinahusu makampuni. Nimeanza hapo kwa sababu sijui mfano mwingine wa nyanda za kati unaoonyesha waziwazi hivi kinachotokea pale mwenye nguvu anapoamua peke yake jambo lipi ni zito. Waliotazama udongo hawakukosea, na waliolilia ng'ombe hawakukosea. Mizani ilikuwa moja, na ilikuwa mkononi mwa upande mmoja.

Tena hata udongo wenyewe haukuonwa na wote kwa jicho moja. Mwanaanthropolojia wa Sweden, Wilhelm Östberg, aliishi na Waburunge, majirani wa Warangi, na mwaka 1995 akachapisha kitabu ambacho jina lake linasema kuwa ardhi inapanda juu. Mtaalamu akiona mwamba umejitokeza shambani husema udongo umeondoka. Mburunge akiutazama mwamba uleule alisema ardhi inainuka. Mtaalamu atatafuta namna ya kuuzuia udongo usiondoke. Lakini kwa anayeona ardhi inainuka, hakuna kinachoondoka cha kuzuiwa. Ukimpelekea huyo wa pili dodoso linalouliza "mmomonyoko wa udongo unakusumbua kwa kiasi gani, kuanzia moja hadi tano?", atakupa namba kwa heshima ya mgeni. Namba hiyo itaingia kwenye jedwali, nawe utarudi Dodoma ukiamini umemsikiliza.

Uzito ulianzia kwa wahasibu

Leo kampuni kubwa karibu zote hutoa taarifa ya uendelevu: inaeleza imefanya nini kuhusu mazingira, wafanyakazi, jamii inayoizunguka na uongozi wake wenyewe. Kwa kuwa haiwezi kueleza kila kitu, inatakiwa kwanza ichague masuala mazito. Kazi hiyo ya kuchagua ndiyo kiini cha sura hii, na wazo la uzito lina historia.

Lilianzia kwenye hesabu za fedha. Mkaguzi hahangaiki na kalamu moja iliyopotea stoo. Anahangaika na kosa linaloweza kubadili uamuzi wa mtu mwenye hisa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya TSC Industries dhidi ya Northway, iliweka kipimo kinachotumika hadi leo: jambo ni zito iwapo kuna uwezekano mkubwa kwamba mwanahisa mwenye busara angeliona la maana anapoamua kupiga kura. Hapo anayeulizwa ni mmoja tu, naye ni mwenye hisa.

Mwaka 1984 R. Edward Freeman, mwalimu wa masuala ya uongozi wa biashara, akaandika kitabu kilichoeneza fikra kwamba kampuni ina watu wengi wa kuwajibika kwao: wafanyakazi, wateja, wauzaji, majirani, serikali. Kiswahili kina neno linalowatosha wote: wadau. Mwaka 1997 ukaanzishwa huko Boston mpango wa kuandaa kanuni za taarifa za uendelevu, unaojulikana kwa herufi GRI, na miongozo yake ya kwanza ikatoka mwaka 2000. GRI iligeuza swali. Badala ya kuuliza nini kinaigusa kampuni, ikauliza kampuni inamgusa nani, na kwa kiasi gani.

Maswali hayo mawili yameishi pamoja kwa mvutano tangu wakati huo. Bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu, ISSB, iliyotoa viwango vyake vya kwanza Juni 2023, inaegemea upande wa mwekezaji: ukame utapunguza faida kwa kiasi gani? Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2022, ulitaka pande zote mbili zipimwe kwa pamoja, yaani uzito wa pande mbili, ingawa mwaka 2025 ulianza kupunguza idadi ya kampuni zinazobanwa na sheria hiyo. Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Safaricom ilitoa taarifa yake ya kwanza ya uendelevu mwaka 2012, na Soko la Hisa la Nairobi likatoa mwongozo wake Novemba 2021. Nchini Tanzania, fedha zenyewe zimeanza kuuliza: mwaka 2023 Benki ya CRDB ilipotoa hatifungani yake ya kijani, yaani ya kugharimia miradi ya mazingira, ikitafuta shilingi bilioni 40, wawekezaji walileta zaidi ya bilioni 170.

Kwa hiyo usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Ipo siku swali hili litafika mpaka kwenye gunia la alizeti.

Kazi inavyofanyika

Ukiondoa maneno ya washauri, kazi ina hatua nne, na ndizo GRI inazozitaja katika kanuni zake za mwaka 2021. Kwanza kampuni inajitazama: inafanya nini, wapi, na nani yuko kwenye mnyororo wake kuanzia shambani hadi dukani. Pili inaorodhesha madhara na manufaa yake, yaliyopo na yanayoweza kutokea. Tatu inapima ukubwa wa kila moja. Nne inayapanga, inachora mstari, na yaliyo juu ya mstari ndiyo yanayoingia kwenye taarifa na kwenye bajeti.

Hatua ya tatu ina ufundi wake. Dhara hupimwa kwa mambo matatu: linauma kiasi gani, linawafikia wangapi, na je, linaweza kurekebishwa? Kaburi lililovurugwa ni la familia moja tu, lakini halirudi lilivyokuwa. Vumbi la barabarani linawafikia watu elfu, lakini hutulizwa kwa boza la maji. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu zinaelekeza kwamba panapohusika haki za watu, ukali wa dhara utangulizwe. Kwa hiyo kusema "hilo hutokea mara chache" hakutoshi kulifuta kwenye orodha.

Matokeo huchorwa kwenye mraba: mstari mmoja unaonyesha uzito kwa wadau, mwingine uzito kwa kampuni, na kona ya juu kulia ndiyo inayopewa macho. Mchoro huo unapendeza sana kwenye karatasi inayong'aa. Ugonjwa wake uko kwenye namba zilizouzaa.

Tuchukue hesabu ndogo. Watu 40 wameulizwa kuhusu maji. Kati yao 36 wana bomba karibu na nyumba, wakatoa alama moja. Wanne wanachota kisima kimoja cha bondeni, ambacho kiwanda kitakikausha, wakatoa alama tano. Wastani ni 1.4. Kwenye mchoro, maji yataanguka kona ya chini kushoto pamoja na rangi ya uzio. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea kujumlisha, ila familia nne zimepoteza kisima kwa njia ya wastani.

Mwaka 1997, mwaka uleule ilipoanzishwa GRI, watafiti watatu, Mitchell, Agle na Wood, walieleza kwa nini baadhi ya wadau husikika na wengine hawasikiki. Walisema mdau hutazamwa kwa mambo matatu: ana nguvu, ana haki, ana haraka. Benki ina nguvu. Mkulima anayesubiri malipo ya mazao ana haki, na ana haraka kwa sababu shule zinafunguliwa Januari, lakini nguvu hana. Mtu wa namna hiyo husikika tu akipata mwenye nguvu wa kumbebea neno. Kampuni inayotaka kujua ukweli inapaswa kumwendea kabla hajalazimika kumtafuta mbebaji.

Tuseme ni Busi

Tutoke kwenye nadharia. Busi ni kata ya Wilaya ya Kondoa, nchi ya vilima vya Irangi, mvua ya msimu mmoja na mashamba ya mtama, mahindi, mbaazi na alizeti. Tuseme kampuni ya kukamua mafuta, ya kubuni kabisa, inataka kununua alizeti huko, na mkopeshaji wake anadai kwanza ione masuala mazito kwa wadau. Ofisi imeandaa orodha ya mambo 20: hewa ukaa, plastiki, usawa wa kijinsia, rushwa, usalama kazini na kadhalika. Gari linapakiwa. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ifunguliwe rasmi mwaka 2018, mtu anaweza kutoka makao makuu ya nchi asubuhi, akafanya kikao Kondoa na kurudi kulala nyumbani kwake. Urahisi huo ndio mtego wa kwanza.

Wa pili ni kalenda. Wataalamu hupenda kusafiri kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, na Mei na Juni ndiyo miezi ya mavuno. Mkutano utahudhuriwa na wasiovuna: wenye vibarua, wenye maduka, wastaafu. Ukienda Januari, kila mwenye jembe yuko shambani.

Wa tatu ni posho. Penye karatasi ya kusaini na bahasha mwishoni, majina hupatikana kabla mgeni hajafika, na mara nyingi ni yaleyale ya semina iliyopita. Siwalaumu. Mtu aliyeacha kazi yake siku nzima anastahili nauli na chakula. Lakini wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na posho huamua nani awepo.

Wa nne ni adabu. Mgeni hapingwi mbele za watu. Ukimuuliza mzee wa Irangi kama suala la plastiki ni la muhimu, atasema ni la muhimu. Ukiuliza kama hewa ukaa ni muhimu, nayo ni muhimu. Kwenye jedwali, mambo yote 20 yatapata nne au tano, na mshauri ataandika kwamba wadau wana mwamko mkubwa. Walichokuwa nacho wadau siku hiyo ni malezi mema.

Sasa acha orodha ndani ya gari, ukae na watu uulize mwaka unavyokwenda: mnaanza lini kuandaa shamba, mbegu mnazitoa wapi, nani huja kununua, anapimaje, analipa lini, pesa ikifika inashikwa na nani? Hapo yataanza kuja mambo ambayo ofisi haikuyaandika.

Litakuja la lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia, analijaza mpaka mdomoni, kisha analishonea kilemba juu, na bei inabaki ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umepiga marufuku ufungashaji huo kwa miaka mingi, nao haujaisha. Kwa mkulima hili ni suala la uendelevu kuliko yote: kama kila msimu sehemu ya jasho lake inakwenda bure, atapumzisha shamba kwa kipi? Angalia sasa kichekesho chake. Kampuni imekuja kutafuta uzito wa masuala, na suala zito kuliko yote ni mizani ya kampuni yenyewe.

Litakuja la bei. Wakulima wa Dodoma na Singida wanaukumbuka mwaka 2023, bei ya alizeti ilipoporomoka na lawama zikaelekezwa kwa mafuta ya kula yanayoingia kutoka nje. Kampuni haipangi ushuru wa forodha. Lakini inaweza kutangaza bei mapema na kuishikilia, na kwa mtu aliyekopa mbegu ahadi hiyo ina thamani kuliko semina tatu.

Kisha litakuja jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalothibitisha kazi imefanyika vizuri, kwa sababu halipo kwenye orodha yoyote ya kimataifa. Ni mashudu. Alizeti ikikamuliwa, kinachobaki ni chakula kizuri cha ng'ombe. Kiwanda kikiwa kijijini, mashudu hubaki kijijini. Mbegu ikisombwa kwenda mjini ikiwa nzima, mashudu huondoka nayo, na mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa bandani atayanunua tena kwa bei ya mjini pamoja na nauli. Katika nchi ambayo ng'ombe waliwahi kutolewa kwa amri na kurudishwa kwa masharti ya banda, mashudu ni mwendelezo wa mazungumzo yaliyoanza mwaka 1979. Mgeni asiyejua historia hiyo atayaandika chini ya kichwa cha "taka za kiwandani" na kujisifu kwamba anaziuza.

Namna ya kuyapima mambo hayo nayo haihitaji tarakilishi. Wataalamu wa maendeleo vijijini wametumia mbegu kwa miaka mingi: kila mtu anapewa punje 10 za mahindi, masuala yanachorwa kwa alama chini ya mti, kila mmoja anaweka punje zake anapotaka. Punje zina kitu ambacho namba za dodoso hazina: ukiziweka kwenye bei, hutaziweka tena kwenye maji. Mtu analazimika kuchagua, na adabu haimsaidii. Ila sharti wanawake waweke zao peke yao, vijana peke yao, na wafugaji peke yao, na hesabu za makundi zisichanganywe. Tofauti baina ya makundi ndiyo habari yenyewe. Zichanganye, nawe utarudi kwenye kile kisima cha bondeni.

Bomba moja, mizigo miwili

Mfano huo ulikuwa wa kubuni. Wilaya ya Kondoa ina mwingine wa kweli. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, linatoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linapita mikoa minane, na Dodoma ni mmojawapo kupitia wilaya za Kondoa na Chemba. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa. Mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja. CNOOC ya China ina 8.

Ukisimama Ulaya, uzito wa bomba hili ni hewa ukaa. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi, na benki kadhaa kubwa zikatangaza kwamba hazitaukopesha. Mabango ya wanaharakati yalizungumzia joto la dunia.

Ukisimama kwenye mkuza wenyewe, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, mzigo ni mwingine. Uthamini wa mali ulifanyika zaidi mwaka 2018 na 2019, na pakawekwa tarehe ya ukomo: kitakachopandwa au kujengwa baada ya siku hiyo hakitalipwa. Mikataba mikuu kati ya serikali na wawekezaji ilichelewa hadi mwaka 2021, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatangazwa Februari 2022. Kwa mhasibu hiyo ni ratiba iliyosogea. Kwa mkulima ni misimu kadhaa ya kujiuliza: nipande muhogo au nisipande? Niezeke upya nyumba hii au niache ivuje, kwa kuwa kesho itabomolewa? Tena kulikuwa na makaburi ya kuhamishwa, kila kaburi likiwa na wenyewe, na kila wenyewe wakiwa na dini au mila yao ya kumsindikiza marehemu mara ya pili.

Usiseme kwamba kampuni haikuuliza. Tathmini ya mazingira na jamii ilifanywa, mikutano ikaitishwa vijijini, dawati la malalamiko likawekwa, na kwa jamii zinazojitambulisha kuwa za asili, kama Waakie wa Kiteto, pakawa na utaratibu maalumu wa kutafuta ridhaa. Wakosoaji wanasema hayo hayakutosha. Kampuni inasema imefuata viwango vya kimataifa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba jambo lililowakaa watu moyoni, yaani kusubiri, halikuwa limeandikwa kama dhara mahali pa wazi. Orodha za uendelevu zina kichwa cha ardhi, cha fidia, cha makazi. Hazina kichwa cha muda. Na muda ndio uliokaa kwenye mapaa yaliyovuja na mashamba yaliyoachwa wazi.

Hapa kuna somo la kiufundi. Kampuni ikitaka kujua masuala mazito, hazina yake kubwa ni daftari la malalamiko, kuliko dodoso. Dodoso linajibiwa na aliyeulizwa. Daftari linaandikwa na aliyefunga safari mwenyewe, akaacha kazi, akaja kusema. Soma malalamiko ya mwaka mzima, yapange kwa sababu, kisha hesabu siku kati ya lalamiko na jibu. Siku hizo zitakuambia wapi kuna uzito. Na daftari likiwa tupu, usishangilie. Uliza kwanza kama watu wanajua lipo, na kama anayelishika hana undugu na anayelalamikiwa.

Mwamba wa mvua

Kuna mambo mengine hayataingia hata kwenye daftari. Upande wa Kolo, katika wilaya hiyohiyo ya Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: zaidi ya maficho 150 ya miamba katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Mtalii huja kuona michoro ya watu wa kale. Mwenyeji huja kwenye mwamba uitwao Mongomi wa Kolo na haja nyingine: kuomba mvua na uponyaji, na ibada hizo zimeendelea hadi zama zetu, pamoja na pombe ya nafaka inayopulizwa mwambani. Kwa mhifadhi, pombe ni hatari kwa rangi za kale. Kwa mwenyeji, mwamba usioombewa ni picha tu.

Orodha ya kampuni itakuwa na kichwa cha "urithi wa utamaduni", na mshauri ataweka alama ya tiki kwamba hakuna mchoro ulioguswa. Lakini je, njia ya kwendea mwambani imezibwa na uzio? Je, kelele za mitambo zinaruhusu ibada? Maswali hayo yanaweza kuulizwa tu na mtu anayejua kwamba pale kuna mvua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kusomewa

Mpaka hapa nimesema zaidi juu ya kuuliza. Nusu ya kazi iko kwenye kurudi.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inakipa kila kijiji mkutano mkuu wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Hukutana angalau kila miezi mitatu, na kila mwanakijiji anajua kitu kimoja kuhusu mkutano huo: ndiko mahali pa kusomewa mapato na matumizi. Mwenyekiti au mtendaji husimama na karatasi, anataja kilichoingia, anataja kilichotoka, na watu huuliza. Bati 20 zilizonunuliwa ziko wapi? Mbona zahanati bado haina mlango? Viongozi wamewahi kung'olewa kwenye mikutano hiyo. Ni ukaguzi usio na mkaguzi wa kulipwa, na umekuwapo kabla GRI haijazaliwa.

Kampuni yetu ya kubuni ikitaka kujua kama orodha yake ni ya kweli, ipeleke huko ikasomwe. Siyo taarifa ya kurasa 90 yenye picha za watoto wanaocheka. Karatasi moja, kwa Kiswahili, na mzee mmoja wa kuieleza kwa Kirangi panapohitajika: mwaka jana mlituambia mambo haya saba. Haya matatu tumeyafanya. Haya mawili tumeshindwa, na sababu ni hizi. Haya mawili hatutayafanya, na tunawaambia leo ili msisubiri.

Kisha aliyesoma akae kimya. Wa kwanza kusimama atashukuru, kwa sababu ndivyo inavyopasa. Wa pili ataomba mchango wa jengo la shule. Wa tatu, pengine mama aliyekaa nyuma karibu na mlango, akiwa hajawahi kusaini karatasi ya posho, atasema: "Mmetusomea vizuri, lakini la mashudu mbona hamkulisoma?"